Govi lisilofaa kuguswa: tohara iliyoahirishwa katika ukoo mmoja wa Wete

Mtoto alizaliwa wiki ya 39, kilo 3.1, katika hospitali moja ya Mkoa wa Kaskazini Pemba. Alilia mara moja, akanyonya ndani ya saa ya mwanzo, akachomwa sindano yake ya vitamini K. Mkunga alipomkagua aliona govi limejaa upande wa juu wa dhakari tu, limekaa kama kofia ya koti la mvua, na upande wa chini halipo. Tundu ya mkojo haikuwa kwenye ncha. Ilikuwa chini, karibu na shingo ya kichwa. Dhakari ilipinda kidogo kuelekea chini. Kokwa zote mbili zilikuwa zimeshuka. Aliyaandika hayo kwenye kadi, akawaita wazazi wote wawili, akawapa neno moja la kushika: mtoto huyu asitahiriwe mpaka aonwe na daktari wa upasuaji.

Wazazi walikubali. Kitabibu uamuzi huo hauna mjadala. Mjadala ulizuka nyumbani, siku ya saba, mbele ya wageni wa akika, na ulichukua miezi kutulia. Tunakieleza kisa hiki bila majina, na kimeunganishwa kutokana na visa vinavyofanana ili asitambulike mtu. Kinachotushughulisha ni nani alikataa nini hasa, maana kwa nje ilionekana ukoo mzima umesimama dhidi ya wazazi, na haikuwa hivyo.

Alichokuwa nacho mtoto

Hali hii inaitwa haiposipadia. Humpata kiasi cha mtoto 1 katika kila watoto wa kiume 200 hadi 300, kwa hiyo mkunga mzoefu hashtuki akiiona. Mrija wa mkojo wa mtoto wa kiume hujifunga tumboni kati ya wiki ya 8 na ya 14 ya mimba. Ukisita kabla ya kufika kwenye ncha, tundu hubaki pale ulipoishia, na govi nalo hukosa kuuzunguka upande wa chini. Kwa wengi tundu huwa karibu na kichwa, kama kwa mtoto huyu. Kwa wachache huwa katikati ya dhakari au hata kwenye mfuko wa kokwa, na hao kazi yao ni nzito zaidi na mara nyingine hufanywa kwa awamu mbili.

Jambo la haraka katika ukaguzi wa siku ya kwanza ni kokwa. Tundu ikiwa chini na kokwa zote mbili hazishikiki, mtoto asiruhusiwe kwenda nyumbani kabla ya vipimo vya damu. Baadhi ya watoto wa namna hiyo huwa na tatizo la tezi linalowafanya wapoteze chumvi mwilini, wakazimia na kufa ndani ya wiki chache za mwanzo, na wengine kumbe ni wasichana. Mtoto wetu hakuwa na hilo. Alikuwa na muda.

Kwa nini govi lisikatwe? Kwa sababu ndilo kiraka. Daktari akitengeneza mrija mpya huuviringisha na kuushona kwa nyuzi nyembamba mno, kisha huchukua utando laini wa chini ya govi na kuulaza juu ya mshono, ili mkojo usije ukapenya pembeni. Ngozi ya govi yenyewe husaidia kuziba upande wa chini ambako ngozi ni haba. Ukilikata siku ya saba, umetupa kitambaa kabla ya kuja fundi. Kazi bado itawezekana, lakini daktari atalazimika kuchota ngozi kwengine, mara nyingi ndani ya shavu, na mtoto aliyehitaji kulazwa mara moja atalazwa mara mbili au tatu. Hatari ya pili ni ya papo hapo: kwa watoto hawa ngozi iliyo juu ya mrija upande wa chini huwa nyembamba sana, na mkasi ukiteleza kidogo tu unautoboa mrija.

Kuna mtego mwengine ambao kila anayetahiri anapaswa kuujua. Wapo watoto ambao govi lao ni zima, limezunguka vizuri, na tundu iliyokaa vibaya imejificha ndani. Huonekana tu govi linapofunuliwa wakati wa tohara. Hapo kinachotakiwa ni kusita, kutokata zaidi, kuzuia damu, kurudisha ngozi na kumwandikia mtoto rufaa. Anayesema "tumeshaanza, tumalize" ndiye anayeharibu.

Siku nne za ukimya

Wazazi walitoka hospitali na siri. Baba alikuwa na hesabu yake: yeye mwenyewe alitahiriwa akiwa na miaka sita, likizo ya skuli, pamoja na watoto wa ami zake. Akadhani hakuna atakayeuliza habari ya tohara kwa miaka mitano, na ifikapo hapo mambo yatakuwa yamekwisha. Mama alikuwa ndani ya arubaini, amechoka, anaogopa neno "kasoro" lisije likatamkwa mbele ya mavyaa yake.

Siri haikufika mbali. Siku ya nne bibi mzaa mama alikuwa akimuogesha mtoto uani, kwa namna ile ya kawaida: amekaa kwenye kibao, miguu ameinyoosha, mtoto amelala juu ya miundi. Mtoto akakojoa. Mkojo wa mtoto wa kiume hupanda juu, na kila aliyelea ameshawahi kurushiwa usoni. Huu haukupanda. Ulishuka moja kwa moja chini, ukamlowanisha bibi muundi wa kushoto, ukaingia kwenye khanga. Bibi akamgeuza mtoto, akatazama, akaona govi halijamfunika upande mmoja. Akasema kwa furaha kabisa, "Alhamdulillahi, huyu katahiriwa na malaika."

Imani hiyo ni ya zamani pwani nzima, na haina ubaya kwa mtoto aliyezaliwa na govi fupi na tundu ikiwa mahali pake. Kwa mtoto kama huyu ina hatari mbili. Ya kwanza, watu wakiamini ameshatahiriwa nusu, atatokea wa kutaka "kumalizia". Ya pili, wakiamini ameshatahiriwa kamili, hapelekwi popote, na anafika umri wa skuli akikojoa kwa kuchutama huku wenziwe wamesimama. Mama alinyamaza wakati bibi anasema hivyo. Kufikia magharibi nyumba tatu zilikuwa zimeshapata habari njema.

Siku ya saba

Mbuzi wawili walichinjwa asubuhi, mtoto akanyolewa, akapewa jina. Shangazi, dada mkubwa wa baba, ndiye aliyesimamia shughuli. Wanawe wote walitahiriwa wachanga na aliona ndiyo njia ya kisasa na safi: kidonda hupona upesi, mtoto hakumbuki. Kwa hilo hakukosea. Tohara ya mtoto mchanga, ikifanywa na aliyefunzwa, ina matatizo machache kuliko ya mtoto wa miaka saba. Kwa hiyo shangazi, bila kumuuliza mtu, alimwita muuguzi mstaafu anayetahiri majumbani aje baada ya alasiri. Kwake ilikuwa zawadi. Alishalipa.

Muuguzi alifika na mkoba. Baba akamzuia mlangoni. Shangazi akauliza kulikoni. Baba, amebanwa, watu wanatazama, akasema, "Sisi tumeamua, hatumtahiri."

Maneno matatu, na kila mmoja aliyasikia kwa sikio lake. Shangazi alisikia kwamba amefedheheshwa. Babu, aliyekuwa barazani na wazee wenzake, alisikia kwamba mwanawe ameacha dini. Mavyaa alisikia kwamba mkwe ndiye aliyesema na mume anarudia tu. Ami wa mtoto aliyeko Omani, aliyetuma pesa za mbuzi mmoja, alisikia kwa simu jioni ile, na akauliza swali ambalo wengine hawakuthubutu: "Kwani mtoto ana nini?"

Kabla ya kwenda mbele, turudi kwa muuguzi na mkoba wake. Hata mtoto angekuwa hana tatizo, mazingira yale hayakufaa. Mtoto mchanga hutahiriwa akiwa na uzito usiopungua kilo 2.5, mimba yake imetimia wiki 37, hana homa, hana umanjano, ananyonya vizuri, na haizidi siku 60 tangu kuzaliwa kama itatumika njia ya watoto wachanga. Lazima iulizwe kama alichomwa vitamini K, na kama wapo wajomba au wana wa khaloo upande wa mama waliotoka damu isiyokatika walipotahiriwa au kung'olewa jino. Hilo huulizwa upande wa mama kwa sababu ugonjwa wa damu kutoganda hupitia kwa wanawake ukawatokea wanaume. Ganzi ni lignokeni ya asilimia 1 isiyotiwa adrenalini, isiyozidi miligramu 3 kwa kilo. Kwa mtoto wa kilo 3 haizidi mililita 0.9, nayo huchomwa kwenye shina la dhakari pande mbili za juu na kusubiriwa dakika kadhaa ishike. Muuguzi yule hakuuliza hata moja katika hayo wala hakutazama kadi. Alikuwa ameambiwa tu kwamba mtoto yuko tayari.

Nani alikataa nini

Shangazi hakukataa kuahirisha. Alikataa kuvuliwa nguo mbele ya watu. Maneno yake ya jioni ile yalikuwa, "Mumeniacha nitoe pesa na niite mtu, kumbe wenyewe munajua." Ana haki yake. Wazazi walijua kwa siku saba, na walijua kwamba shughuli iko mikononi mwake. Mara nyingi katika koo zetu anayesimamia shughuli huambiwa mambo ya mwisho kwa kuwa ni mkali, na hilo ndilo linalomfanya awe mkali zaidi. Lakini naye alifanya jambo moja lisilosameheka kirahisi: usiku ule mtoto alipobadilishwa nguo alimpiga picha ya utupu kwa simu, akamtumia kaka yake Omani amuulizie daktari wa huko. Nia nzuri. Picha ikafika kwenye kundi la ukoo kwa bahati mbaya na ikakaa humo karibu saa nzima kabla ya kufutwa. Hakuna anayejua nani ameihifadhi. Daktari akihitaji picha, ataichukua mwenyewe kwa ruhusa ya wazazi na itakaa kwenye jalada. Simu ya mtu wa nyumbani haina kazi hapo.

Mavyaa alitafuta sababu, na sababu akaipata kwa mkwe. Alikula nini? Alimcheka nani mwenye ulemavu? Alipita wapi magharibi? Jibu la maswali haya lipo kwenye kalenda ya mimba: mrija hujifunga mimba ikiwa haijatoka nje, wakati wanawake wengi ndio kwanza wanahisi kichefuchefu. Hakuna chakula cha mwezi wa saba kinachoweza kurudi nyuma kikaufungua. Kama kuna kurithi, hutoka pande zote mbili. Baba au ami wa mtoto anaweza kuwa naye alizaliwa na hali nyepesi isiyotambulika, na mtoto wa kiume atakayefuata katika tumbo hilo ana uwezekano mkubwa zaidi kuliko watoto wengine. Kwa hiyo swali linalofaa kwa mavyaa ni jengine: je, katika wanawe alikuwapo aliyekojoa kwa kuchutama? Alipoulizwa hivyo baadaye, kwa upole, alikaa kimya kidogo kisha akamtaja mmoja wa shemeji zake, marehemu. Lawama kwa mkwe ziliishia hapo.

Bibi mzaa mama alikuwa mgumu kuliko wote, kwa sababu alikuwa na furaha. Kumwambia mtu kwamba neema aliyoiona ni ugonjwa ni kazi nzito. Kilichosaidia ni kutompinga. Mama alimwambia, "Mama, hata kama ni malaika, tundu hii wamemwachia daktari." Bibi alicheka, na akaacha kueneza habari ile. Mwenye kutafuta mjadala wa itikadi na mzee wa miaka sabini anayemuogesha mtoto wake kila siku atabaki na hoja na kukosa muogeshaji.

Sasa babu. Huyu ndiye aliyeogopwa kuliko wote, mwalimu wa chuoni, watu wazima nusu ya mtaa wamepita mikononi mwake. Wazazi walidhani ndiye ukuta. Hawakukumbuka kwamba babu mwenyewe alitahiriwa mkubwa, kumbini, kwa ngariba, akiwa anajua kusoma. Kwa kizazi chake mtoto wa miaka minane mwenye govi halikuwa jambo la kushangaza hata kidogo. Haraka ya tohara ya siku ya saba katika nyumba ile ililetwa na shangazi, binti wa skuli na kliniki. Babu hakuwa na ugomvi na kusubiri. Ugomvi wake ulikuwa na neno "hatumtahiri".

Na kwa elimu yake, hoja ya kuwasaidia wazazi alikuwa nayo tayari. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi Unguja na Pemba, tohara ni wajibu, lakini uwajibu wake huja mtu anapobaleghe. Kabla ya hapo ni suna, na siku ya saba ndiyo inayopendekezwa. Mtoto dhaifu, au anayehofiwa madhara, huachwa mpaka aweze. Akika nayo ni ibada ya peke yake: mbuzi wamechinjwa, jina limetolewa, na hakuna kilichopungua kwa sababu govi limebaki. Hata mkojo una mlango wake: wa mtoto wa kiume asiyetimiza miaka miwili na asiyekula chakula zaidi ya maziwa ni najisi hafifu, hunyunyiziwa maji tu. Yote haya babu alikuwa ameyasomesha kwa miaka. Hakuulizwa.

Baada ya isha

Siku tatu zilipita hawasemeshani. Siku ya kumi baba alikwenda kwa babu peke yake baada ya sala ya isha, bila mke, bila karatasi ya hospitali mkononi. Karatasi ilikuwa mfukoni. Ukianza na karatasi, mzee anaona umekuja kumshinda. Ukianza na maamkizi na kukaa chini, umekuja kushauriana. Akaamkia, akabusu mkono, akakaa mkekani, akaomba radhi kwa kuzungumza mlangoni mbele ya watu. Radhi hiyo aliiomba kwa namna aliyosema. Uamuzi wenyewe hakuuombea radhi, na alifanya vizuri kutochanganya mambo hayo mawili.

Kisha akaeleza kwa mpangilio huu. Kwanza, kwamba mtoto atatahiriwa, hilo halina shaka. Pili, kwamba tundu yake imekaa chini na govi ndilo litakalotumika kuirekebisha. Tatu, kwamba daktari akimaliza kutengeneza mrija, govi lililobaki huliondoa palepale, kwa hiyo tohara na matengenezo ni siku moja na ganzi moja. Hili la tatu ndilo lililofungua mlango, na ndilo ambalo familia nyingi haziambiwi. Wanasikia "asitahiriwe" na hawasikii kwamba mwisho wa safari mtoto anatoka ametahiriwa.

Babu aliuliza maswali mawili. La kwanza: hatadhurika kwa kusubiri? Hapana. Tundu ikiwa hapo ilipo, na mkojo unatoka kwa nguvu bila mtoto kukaza uso, kusubiri miezi haidhuru. La pili: atazaa? Kwa tundu iliyo karibu na kichwa, kokwa mbili zimeshuka, hakuna sababu ya kutozaa. Kwa iliyo chini sana bila kurekebishwa, mbegu hazifiki mahali pake, na dhakari iliyopinda sana huleta taabu ya ndoa. Ndiyo maana inarekebishwa, wala si kwa ajili ya kupendeza tu.

Babu akataka kumwona mtoto. Hakutaka picha, alitaka kumwona. Asubuhi yake alikwenda, akamshika, akangoja. Mtoto hakukojoa. Babu akasubiri kikombe cha pili cha chai. Alipokojoa, babu akatazama mkojo unavyoshuka, akasema, "Basi huyu hajakataliwa tohara. Huyu anangoja fundi." Neno hilo alilirudia mwenyewe msikitini kwa wazee wawili waliouliza, na baada ya hapo hakuna aliyeuliza tena. Baba angelisema mara kumi lisingefika.

Kwa shangazi alikwenda mama, si baba, na alikwenda na jambo la kumwomba: awe yeye atakayefuatana nao Unguja. Pesa za muuguzi hazikurudi na hazikutajwa.

Safari na kisu

Rufaa ya Pemba kwa upasuaji wa namna hii kwa kawaida huelekea Hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, na kwa visa vizito Muhimbili, Dar es Salaam. Mara ya kwanza ni kuonwa tu. Huchukuliwa kadi ya kliniki, karatasi ya mkunga, na maelezo ya nani katika ukoo ana tatizo la damu. Daktari huangalia tundu iko wapi na ni pana kiasi gani, dhakari imepinda kiasi gani, kokwa, na kama inawezekana huutazama mkojo unavyotoka. Ndiyo maana ni vyema mtoto anyonyeshwe nusu saa kabla ya zamu yake. Kisha hupangiwa umri. Unaopendelewa ni kati ya miezi 6 na 18: ganzi ya kulala inavumilika zaidi kuliko kwa mchanga, mtoto bado yuko kwenye pampasi, na hatakumbuka.

Mtoto huyu alipangiwa miezi 11. Safari ya kwanza ilivunjika: alishuka botini na mafua na kikohozi, na aliyemchunguza kwa ajili ya ganzi akamrudisha. Familia ilikasirika, nauli imekwenda. Lakini kumlaza kwa ganzi mtoto mwenye kikohozi ni kutafuta njia ya hewa ibane mezani, kwa hiyo husogezwa mbele wiki kadhaa. Anayetoka Pemba afanye hivi: mtoto akianza mafua siku tatu kabla, apige simu kabla ya kukata tiketi.

Mara ya pili ilikwenda. Kufunga kabla ya ganzi kuna saa zake: uji au maziwa ya kopo huachwa saa 6 kabla yake, maziwa ya mama saa 4 kabla, maji matupu saa 2 kabla, ila kama aliyewapangia amesema vyengine. Hapa shangazi aliokoa siku. Usiku mtoto alilia njaa na jamaa wa nyumba waliyofikia Mwanakwerekwe akakoroga uji alfajiri kwa huruma. Shangazi aliuondoa kikombe mkononi mwake. Mtoto aliyelishwa kwa siri akilazwa, chakula hupanda na kuingia mapafuni. Katika nyumba yenye watu wengi, mmoja apewe ulinzi wa saa hizi, na awe yule ambaye watu wanamwogopa.

Alitoka na bandeji na mrija mwembamba uliopita ndani ya tundu mpya. Mrija hukaa siku 5 hadi 10, na mambo mengi huharibika nyumbani katika siku hizo. Huvalishwa pampasi mbili. Ya ndani hutobolewa tundu ndogo mbele na mrija hupitishwa hapo ukamimina mkojo kwenye ya nje. Ya ndani inabaki na kinyesi peke yake. Ya nje hubadilishwa kila inapojaa, ya ndani kila akienda haja. Hapakwi mafuta ya nazi, wala maji ya majani, wala majivu. Haogeshwi kwenye beseni mpaka mrija utoke, hupanguswa tu. Habebwi ubavuni kwa mbeleko miguu imepanuka, wala hapandishwi kwenye baiskeli ya magurudumu matatu ya dada zake, kwa wiki 3 hivi. Hubebwa mbele, miguu pamoja. Uvimbe na rangi ya zambarau siku za mwanzo ni kawaida, na utando wa manjano juu ya kidonda si usaha. Si kawaida damu inayoendelea kudondoka, homa, harufu, mrija kuchomoka kabla ya wakati, au saa kadhaa kupita pampasi ya nje ikiwa kavu. Hapo mtoto hurudishwa kwa waliompasua, hairudiwi kwanza Pemba. Ndiyo maana walibaki Unguja mpaka mrija ulipotolewa, siku ya 7.

Siku ile mkojo ulitoka mbele. Shangazi alikuwapo na ndiye aliyepiga simu nyumbani.

Wiki ya sita ilionekana tone dogo pembeni, chini ya mshono, kila mtoto anapokojoa. Hilo nalo ni katika matatizo yanayojulikana ya upasuaji huu: mkojo hupata kijitundu cha pili. Vijitundu vingine hujiziba vyenyewe katika miezi ya mwanzo. Visivyojiziba hushonwa, lakini si kabla ya miezi 6 kupita, ngozi ipate kulainika. Safari hii baba alimweleza babu siku ileile, kabla ya mtu mwengine yeyote. Mtoto bado ana miadi: kuangaliwa baada ya miezi 6, kisha atakapoacha pampasi na kuanza kukojoa kwa kusimama, ambapo mkondo mwembamba unaochukua muda mrefu kwisha ni dalili ya tundu kubana, kisha tena anapobaleghe. Na kadi ya mama imeandikwa kwa wino mwekundu, ili mimba ijayo ikiwa ni mtoto wa kiume, mkunga atazame kabla ya mtu yeyote kumwita muuguzi.